Ua Usio na Waya: Mawimbi Yanapokatika, Kola Husikia Nini?

Utangulizi

Katika vitongoji vingi vya Marekani, nyumba huikabili barabara bila ua wowote mbele yake. Nyasi za jirani mmoja huishia pale zinapoanzia za mwenzake, na katika baadhi ya mitaa jumuiya za wenye nyumba huwakataza wakazi kujenga ua unaoonekana. Binadamu huujua mpaka kwa kusoma hati ya shamba. Mbwa hana hati. Ni katika mazingira ya namna hii ambapo mwaka wa 1973 Mmarekani Richard Peck alipewa hataza ya mbinu ya kumzuia mnyama ndani ya eneo maalumu kwa kutumia mawimbi ya redio na kola inayovaliwa shingoni.

Msomaji wa Kenya anaposikia habari za ua wa umeme, aghalabu hupata taswira ya nyaya zilizotandazwa juu ya ukuta, au ule ua wa Aberdare uliokamilika mwaka wa 2009 wenye urefu wa takriban kilomita 400. Ua wa aina hiyo humshtua yeyote anayeugusa, awe ndovu au mwizi. Ua unaojadiliwa hapa haugusiki. Mshtuko haumo katika ua bali umo shingoni mwa mbwa, na kinachoamua utoke lini ni mawimbi. Makala haya yanaeleza jinsi mawimbi hayo yanavyoharibika na jinsi hitilafu inavyotafutwa. Yanadai pia kwamba kosa kubwa la watumiaji huanzia katika jina lenyewe la kifaa.

Nyua mbili, jina moja

Watu wengi huziita "nyua zisizo na waya" aina mbili za vifaa ambazo utendakazi wake unapingana. Katika aina ya kwanza, waya upo, ila umefukiwa ardhini kuzunguka uwanja. Mtambo ulio ndani ya nyumba hupitisha mawimbi katika waya huo, na mbwa akiukaribia, kola huyapokea, hutoa mlio wa onyo, kisha mshtuko. Aina ya pili ndiyo hasa isiyo na waya. Mtambo hurusha mawimbi pande zote na kuunda duara. Mitambo mingi ya kawaida hufika kiasi cha mita 27 kutoka pale ulipowekwa. Maadamu kola inayasikia mawimbi, hunyamaza. Inapoyakosa ndipo hulia na kushtua.

Mwanafunzi wa mofolojia hatatatizika kuielewa aina hii ya pili. Katika neno "chungwa", umoja hauna kiambishi kinachoonekana, lakini kukosekana huko kukilinganishwa na "machungwa" kuna maana kamili. Wanaisimu hukuita mofimu kapa. Kola ya ua usio na waya husoma mofimu kapa. Kwayo, ukimya ni habari: mbwa amevuka.

Athari ya tofauti hii si ndogo. Sentensi "mawimbi yamekatika" ina maana mbili zinazokinzana kutegemea kifaa kinachozungumziwa. Kwenye ua wa waya uliofukiwa, mawimbi yakikatika mpaka hufutika, na mbwa anaweza kuishia barabarani mbele ya lori. Kwenye ua wa duara, mawimbi yakikatika mpaka huwa kila mahali, na mbwa aliyejilaza kizingitini hushtuliwa bila kosa. Anayetafsiri kitabu cha maelezo kwa Kiswahili akaandika tu "tatizo la mawimbi" bila kubainisha aina ya ua, amempa mwenye mbwa nusu ya maarifa, na nusu hiyo inaweza kumdhuru mnyama.

Kimya cha betri ni kingine kabisa. Betri ya kola ikifa, kola haisomi chochote wala haishtui, katika aina zote mbili. Kwa hiyo kwenye ua wa duara, kimya cha mtambo huadhibu ilhali kimya cha kola huruhusu. Ndiyo sababu mbwa anapotoroka, betri ndiyo hukaguliwa kwanza, kabla ya mtu kuanza kuuhamisha mtambo.

Duara linapoyumba

Duara la mawimbi halichorwi kwa bikari. Chuma huyazuia au kuyaakisi mawimbi. Friji, mashine ya kufulia, tangi la maji moto, kuta zilizotiwa wavu wa chuma ndani ya lipu na mapaa ya mabati vyote hulibonyeza duara. Kwa sababu hiyo, inapendekezwa mtambo uwekwe orofa ya chini, kiasi cha mita moja kutoka kwa chombo chochote kikubwa cha chuma. Wanaouficha nyuma ya friji ili usiwaudhi wageni hujitafutia matatizo.

Hitilafu ngumu zaidi kugundua ni ile inayokuja na kuondoka. Chukua mfano wa familia inayoegesha gari kila jioni kando ya nyumba, baina ya mtambo na sehemu ya uwanja anakopenda kukaa mbwa. Mchana kila kitu ni shwari. Usiku, upande wa pili wa gari huwa na kivuli cha mawimbi, mfano wa kivuli cha mti juani, na mbwa akipita hapo hushtuliwa. Mwenyewe akipima asubuhi baada ya gari kuondoka, hakuti kasoro. Hitimisho lake huwa kwamba mbwa ni mkaidi.

Kwa hivyo upimaji ufanywe katika hali zilezile ambamo mbwa huishi: gari likiwapo na lisipokuwapo, milango ya gereji ikiwa wazi na ikiwa imefungwa. Kola huvuliwa shingoni mwa mbwa, kijitaa cha majaribio kikafungwa kwenye ncha zake za chuma, kisha mpimaji akatembea kuelekea nje akiwa ameishika kwa kimo cha shingo ya mbwa. Kimo hiki hupuuzwa mno. Mtu aliyeishika kola kifuani anapima ua wa binadamu. Hali kadhalika, mteremko huhesabiwa: mawimbi huenea kama tufe, hivyo uwanja unaoshuka bondeni huweza kuishiwa na mawimbi mapema kuliko uwanja tambarare. Hata mambo yote yakiwa sawa, ukingo wa duara huyumba kidogo, na ni busara mpaka uwekwe mbali na barabara.

Swali moja lapasa kuulizwa kabla ya kununua: umeme wa nyumba ukipotea, kola hufanya nini?

Waya unapokatika

Upande wa waya uliofukiwa, uchunguzi ni mwepesi zaidi kwa kuwa mtambo wenyewe hushtaki. Taa ya kuonyesha mzunguko huzimika na kengele hulia. Fundi huutoa waya wa uwanjani, akaunganisha kipande kifupi cha waya kwenye mtambo. Taa ikiwaka, mtambo ni mzima na kosa li shambani: huenda panya wameguguna, au mashine ya kukatia nyasi imepita pabaya, au kiungo kimeingia maji. Pia, waya unaokwenda na ule unaorudi zikisokotwa pamoja, mawimbi yake hubatilishana. Mbinu hii hutumiwa makusudi kati ya nyumba na mpaka ili mbwa apite salama. Zikilazwa sambamba karibu mno bila kukusudia, mpaka hudhoofika na hakuna kengele itakayolia.

Aina ya tatu, inayotegemea setilaiti, huweza kukosea kwa mita kadhaa, hasa chini ya miti na kando ya majumba marefu. Haifai katika viwanja vidogo.

Shingoni

Wakati mwingine mawimbi ni timamu na tatizo li ngozini. Ncha za kola zisipoufikia mwili kwa sababu ya manyoya mengi, mshtuko haufiki. Mwenye mbwa hupandisha kiwango, akapandisha tena, kisha siku moja anaikaza kola na mbwa anapata mshtuko ambao hakustahili. Kola ikivaliwa zaidi ya saa 12 kwa siku, ncha zile hutoboa vidonda. Watengenezaji hupenda kuuita mshtuko "marekebisho". Tasfida hii haifai kuhamishiwa katika Kiswahili. Kinachomfika mbwa ni mshtuko wa umeme, na Wales ilizipiga marufuku kola hizi mwaka wa 2010, pamoja na zile za mipakani.

Mbwa huunganisha uchungu na kile alichokiona wakati huo. Aliyeshtuliwa mlangoni kwa sababu ya friji hajifunzi lolote kuhusu mpaka. Hujifunza kuuogopa mlango, au mtoto aliyekuwa amesimama karibu naye. Kwa hiyo ukarabati haukomi kwa taa kuwaka. Bendera ndogo za kuonyesha mpaka hurudishwa uwanjani, kola huwekwa kwenye mlio pekee, na mbwa huongozwa kwa kamba kama siku ya kwanza. Mafunzo ya awali huchukua wiki mbili hivi. Kwa mbwa aliyetoroka, marudio huenda yakawa mafupi. Kwa aliyeshtuliwa kizingitini, kazi ya siku za mwanzo ni kumbembeleza tu atoke nje ya nyumba.