Je, Wajua? Kiswahili cha Nyumbani Kinaweza Kukupunguzia Ada ya Chuo Marekani

Je, wajua kwamba nchini Marekani mtu anaweza kupewa krediti za chuo kikuu kwa lugha ambayo hakufundishwa darasani hata siku moja? Vyuo vingi huko havikuulizi ulijifunzia wapi. Uliipata kwa bibi, madrasa, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au kwa majirani, yote sawa. Ukifaulu mtihani wanaoutambua, krediti zinaingia kwenye rekodi yako kama za aliyekaa darasani muhula mzima.

Shahada ya kwanza kule kwa kawaida ni krediti 120, na anayechukua krediti 12 kwa muhula anahesabiwa kuwa mwanafunzi wa muda wote. Mtihani wa lugha, kutegemea aina yake na chuo chenyewe, unaweza kukupa krediti tatu, sita, tisa, hata 16. Hesabu ya ada na kodi ya chumba ipige mwenyewe.

Je, wajua kwamba CLEP, mtihani unaojulikana zaidi katika kundi hili, ulianza mwaka 1967? Unaendeshwa na College Board, hao hao wenye mtihani wa SAT. Unakaa mbele ya kompyuta kwa muda wa saa moja na nusu, unachagua majibu, na alama zinakwenda kutoka 20 hadi 80. Jibu likiwa si sahihi hupunguziwi kitu, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kujinyima. Ukianguka, unasubiri miezi mitatu ndipo urudie. Ukifaulu, College Board wanakutunzia alama zako kwa miaka 20.

Na je, wajua kwamba katika mtihani huo wa lugha hufungui mdomo? Unasikiliza, unasoma, basi. Mtu anaweza kutoka na krediti za Kifaransa bila kumsalimia Mfaransa hata mmoja. Kihispania ndicho pekee chenye toleo la ziada linalokutaka uandike.

Lugha za CLEP ni tatu tu: Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili hakimo. Kwenye mitihani ya AP wanayofanya wanafunzi wa sekondari hakimo pia, ingawa Kichina kimo, Kijapani kimo, Kiitaliano kimo, na Kilatini, lugha ambayo siku hizi hakuna mama anayembembelezea mwanawe, nacho kimo.

Sasa nani kati yetu anafaidika na CLEP? Mkongomani. Kijana wa Bukavu, Goma au Lubumbashi aliyesomeshwa kwa Kifaransa tangu shule ya msingi anayo mali mkononi. Mrundi vilevile, na Mnyarwanda aliyesoma kabla serikali yake haijaamua kuhamia Kiingereza mwaka 2008. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, ambalo mapendekezo yake ndiyo yanayofuatwa na vyuo vingi, linasema anayepata 50 katika Kifaransa astahili krediti sita, na anayefika 59 astahili tisa. Ada ya mtihani ni karibu dola 100, pamoja na chochote kinachotozwa na kituo. Kumkalisha mtu wa namna hiyo kwenye kozi ya salamu za Kifaransa, tena kwa mkopo, ni kumlipisha mara mbili kwa kitu kimoja, na yeye mwenyewe ndiye anayepaswa kukataa jambo hilo.

Kiswahili je? Milango ipo, ila iko upande wa uani.

Mlango wa kwanza ni OPI, mtihani wa mazungumzo unaofuata viwango vya ACTFL, jumuiya ya Wamarekani wanaofundisha lugha za kigeni. Huu ni kinyume kabisa cha CLEP: hakuna kuchagua jibu. Unapigiwa simu na mtahini, mnaongea hadi dakika 30, mazungumzo yanarekodiwa. Ukitaka kupimwa na uandishi, kuna mtihani mwingine wa pembeni, WPT. ACE inapendekeza krediti kwa yote miwili.

Je, wajua kwamba mtahini wa OPI anakusudia ushindwe? Si kwa ubaya. Anaanza na mambo mepesi: unaishi wapi, unafanya kazi gani. Ukijibu vizuri anapanda ngazi: simulia safari iliyoharibika, mwanzo hadi mwisho. Ukimudu, anapanda tena: serikali ifanye nini kuhusu bei ya nyumba, na ingekuwaje kama isingefanya lolote? Anaendelea hivyo mpaka apate dari, mahali ambapo maneno yanakuishia au sentensi zinavunjika. Kiwango chako ni kile ulichoweza kukishikilia muda wote. Kile ulichokigusa mara moja kwa bahati hakihesabiwi. Ngazi kuu za ACTFL ni tano, na ile ya tano ya juu kabisa iliongezwa kwenye mwongozo wa mwaka 2012.

Hapa ndipo Mswahili wa kuzaliwa anapopata mshangao. Anaingia akijua atapata daraja la juu, maana hii ndiyo lugha aliyolia nayo, kisha anatoka na la kati. Sababu si lafudhi. Lafudhi ya Unguja, ya Lubumbashi au ya Nairobi haimwangushi mtu maadamu anaeleweka. Kinachomshusha ni kwamba mada inapohama kutoka nyumbani kwenda bungeni, mahakamani au maabara, anakimbilia Kiingereza katikati ya kila sentensi. Sheng kwenye stendi ya matatu ni ufundi mtupu, ila ngazi za juu zinataka ujenge hoja na kuitetea kwa lugha rasmi. Msomaji wa magazeti na msikilizaji wa taarifa ya habari ana nafasi nzuri kuliko msemaji hodari wa barazani asiyesoma. Kijana aliyekulia Minneapolis au Dallas, anayeelewa kila anachoambiwa na mama yake lakini anamjibu kwa Kiingereza, ana kazi zaidi. Huyo ajizoeze kusema kabla ya kulipia.

Je, wajua chimbuko la mizani hii ya ngazi? Vita baridi. Mwaka 1952 Tume ya Utumishi wa Umma ya Marekani ilitakiwa kuorodhesha watumishi wa serikali wanaojua lugha za kigeni, ikakuta hakuna kipimo cha kuaminika. Kila mtu alijisifu apendavyo. Wizara ya Mambo ya Nje ikatengeneza ngazi zake, na ngazi za vyuo vya leo ni wajukuu wa zile za wanadiplomasia.

Wanadiplomasia hao hao wanapewa wiki 36 za darasani kukijua Kiswahili cha kufanyia kazi. Kiarabu wanapewa wiki 88. Ukisikia mtu anadai Kiswahili ni kigumu, mwambie hivyo.

Mlango wa pili: Avant, kampuni ya mitihani, ina STAMP WS, toleo linalopima kuandika na kusema kwa lugha ambazo hazina mtihani mkubwa. Kiswahili kimo, pamoja na Kisomali na Kiamhari.

Wa tatu ni vyuo vyenye mitihani yao wenyewe. Chuo Kikuu cha New York kwa miaka mingi kimekuwa na mtihani wa lugha zaidi ya 50, Kiswahili kikiwemo, wenye krediti hadi 16, na hata asiyesoma pale hufanya kisha akapeleka matokeo chuoni kwake. Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, kinachopokea kila mwaka vijana waliorudi kutoka kazi ya umisionari katika kila pembe ya dunia, nacho kina mtihani wa FLATS, wenye krediti hadi 12. Huko matokeo ni kufaulu au kutofaulu tu, kwa hiyo hayapandishi wala hayashushi wastani wako.

Na je, wajua kuna krediti za kurudi nyuma? Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Madison, ambako Kiswahili ni mwenyeji wa siku nyingi, kina utaratibu huu: ukianzia kozi ya lugha ya ngazi ya juu badala ya ile ya mwanzo, ukaipita kwa B au zaidi, unapewa na krediti za ngazi ulizoziruka, hadi 16. Sharti ni kwamba hiyo iwe kozi yako ya kwanza ya chuo katika lugha hiyo. Kwa hiyo anayeomba kuanza na kozi rahisi ili ajiokotee A anaweza kuwa amezipoteza krediti zote za nyuma. Huo ni ujanja wa kujikata mwenyewe.

Wenye watoto sekondari wasikilize na hili. California ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kutia muhuri kwenye cheti cha mwanafunzi anayejua Kiingereza na lugha nyingine, na majimbo mengine yakaiga. Katika Illinois na Minnesota muhuri huo unampa mwanafunzi haki ya kudai krediti kwenye vyuo vya umma. Minnesota imeweka saa inayohesabu: mwanafunzi aziombe krediti ndani ya miaka mitatu ya masomo baada ya kumaliza sekondari. Wazazi wengi wamejaa hofu mtoto asiharibiwe Kiingereza na Kiswahili cha nyumbani. Jimbo lenyewe linamlipa mtoto huyo kwa sababu ya hicho hicho Kiswahili.

Sasa mitego. Je, wajua kwamba kusamehewa kozi na kupewa krediti ni mambo mawili tofauti? Chuo kinaweza kukuambia huna haja ya kusoma lugha ya kigeni, lakini kisikuandikie krediti hata moja. Utafurahi, kisha utagundua bado unadaiwa 120 zilezile. Viko vyuo visivyotoa krediti kwa lugha ya kwanza ya mwanafunzi, vikisema umeipokea tu, hukuisomea. Harvard haitoi krediti kwa CLEP, ilhali vyuo zaidi ya 2,900 vinazitoa. Tena ukishasoma kozi ya lugha chuoni, mtihani wa ngazi ileile hauna faida. Unakuwa umeununua mzigo uleule mara ya pili.

Aliyemaliza kidato cha nne Kenya au Tanzania asikitupe cheti chake. Kiswahili ni somo linaloonekana pale, na baadhi ya vyuo hukubali hilo kuwa ushahidi wa kumsamehe sharti la lugha bila mtihani wowote. Cheti hakitoi krediti, lakini kinaokoa muda.

Kabla hujalipia mtihani wowote, iandikie ofisi ya msajili wa chuo chako barua pepe yenye maswali manne: mnatambua mtihani upi kwa Kiswahili, ngazi gani inahitajika, mnatoa krediti ngapi, na je, mzawa wa lugha anaruhusiwa? Jibu la mdomo la mshauri wa masomo halitoshi, maana washauri hubadilika. Dai maandishi, uyahifadhi, ndipo ulipie.