Kima walivyomwokoa msafiri mpweke Ukambani

Mtu anayetoka Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, akiwa peke yake garini na kuelekea Kitui kupitia Ikutha na Mutomo, siku hizi hukanyaga lami. Akishauvuka Mto Athi, nyumba huanza kuadimika, mibuyu na vichaka vya miiba huzidi, na mito anayoipita aghalabu ni mikanda ya mchanga isiyoonyesha tone la maji. Gari likiharibika hapo mchana wa Agosti, jambo la kwanza la kujiuliza ni maji yako wapi.

Swali hilo lilimkabili Johann Ludwig Krapf mnamo Agosti 1851, naye hakuwa na gari wala barabara. Mjerumani huyo, aliyetumwa na chama cha wamishonari cha Kanisa la Uingereza, CMS, alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, kisha akaweka makao yake Rabai.

Safari yake ya kwanza ya Ukambani ilimwendea vyema. Aliondoka Rabai Novemba 1849, akapitia Kikumbulyu, eneo ambalo leo limo Makueni, akauvuka Athi na kufika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika hadi pwani. Ni Kivoi aliyemweleza habari za mlima wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona kwa macho yake kutoka Kitui. Ulikuwa Mlima Kenya, na mabingwa wa jiografia waliokaa London walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta.

Ni vyema kuzingatia majira ya safari hizo mbili. Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na ile ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndiyo ambayo wakulima wa huko huitegemea zaidi. Safari ya 1849 iliangukia katika msimu huo. Ya 1851 ilianza Julai, wakati wa kiangazi, na ndipo tofauti ilipojitokeza.

Agosti hiyo Krapf alifuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Kabla hawajaufikia, majambazi waliushambulia msafara. Kivoi aliuawa, watu wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake katika nyika asiyoijua, huku vifaru wakiwa majirani zake. Kiu ilimsukuma mbele hadi Tana, ambako alikunywa akashiba. Lakini Yatta, alikotaka kurudi, ilikuwa mwendo wa siku kadhaa, na hakuwa na kibuyu. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, ambayo aliiziba kwa nyasi na vipande vya nguo.

Mpango huo haukudumu. Alitembea usiku ili asionekane, na miiba ikang'oa vizibo. Mfuko wa ngozi nao ukavuja. Alipofika kwenye mkondo mkavu alichimba mchanga kwa mikono asipate kitu. Ndipo aliposikia kelele za kima. Akafuata sauti zao kando ya mkondo, akakuta shimo walilolichimba mchangani, na ndani yake maji. Alikunywa, akaifunga baruti katika leso ili pembe yake nayo ibebe maji, kisha akajaribu kutuliza njaa kwa baruti iliyochanganywa na machipukizi ya mti. Yalikuwa machungu.

Baadaye alikutana na Wakamba, akarudi nao upande wa Kitui, ambako jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kutokufa pamoja na mwenyeji wake. Kwa watu waliokuwa wamempoteza kiongozi wao, lawama hiyo haikuwa ya ajabu. Hata hivyo, Krapf hakungoja kuona itakakoishia. Alitoroka usiku, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerejea Rabai.

Je, kwa nini kima walipata maji mahali ambapo mwanadamu aliambulia patupu hatua chache tu kutoka hapo? Mito ya msimu ya Kitui na Makueni hupita juu ya miamba migumu ya kale ambayo, ikimomonyoka, hutoa mchanga wa chembe kubwa. Mvua ikinyesha, maji hujaa nafasi zilizo kati ya chembe hizo. Jua hukausha tabaka la juu tu. Maji yaliyo chini zaidi hubaki, mradi mwamba wa chini uyazuie. Mahali mwamba ulipoinuka kama kizingiti, maji hukusanyika nyuma yake. Mahali ulipopasuka au kuteremka, hutoweka. Nyani na ndovu hupatambua, nao akina mama wa Ukambani hupajua vilevile.

Mabwawa ya mchanga yanayojengwa Kitui na Makueni hufuata kanuni hiyo hiyo. Ukuta wa mawe na saruji hukatiza mto, mafuriko ya misimu kadhaa huujaza mchanga, na robo hivi ya ujazo wake huweza kuwa maji ya kuteka.

Ila mto huo huo wa mchanga huua. Mvua ikinyesha mbali milimani, mkondo uliokuwa mkavu asubuhi huweza kufurika ghafla ilhali anga ya mahali hapo ni nyeupe. Desemba 2021, karibu na Mwingi, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kwa hivyo msafiri wa peke yake hapigi hema mchangani, hata pakivutia vipi, wala haingizi gari katika maji asiyoyaona chini yake.

Tatizo jingine ni la malori. Ujenzi wa Nairobi na miji mingine unahitaji mchanga, na mchanga huo hutoka katika mito hii. Ugomvi juu yake umewahi kumwaga damu, na mwaka 2015 Makueni ilipitisha sheria ya kuuhifadhi na kudhibiti matumizi yake. Penye mkondo uliokombwa hadi mwambani, mvua hupita kwa siku moja na kwenda zake, na ifikapo Agosti hakuna shimo ambalo kima anaweza kulichimba.