MANENO NAYO HUSAFIRI



Katika toleo hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya maneno. Si maneno ya ugomvi, hapana, hata kama jambo lenyewe lilianza na ugomvi kidogo.

Wengi wenu mnakumbuka. Masomo yalikuwa yamefunguliwa juma moja tu, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliitwa kusoma matangazo ya asubuhi mbele yetu sote. Alisoma vizuri, sauti ikasikika mpaka nyuma. Alipofika kwenye habari ya biblioteke akasema: « Bitabu yote irudishwe mbele ya siku ya posho. » Ee! Kicheko kikawaka kama moto katika majani makavu. Na waliocheka zaidi ni sisi wakubwa. Mmoja akapaza sauti: « Mdogo wetu, sema vitabu! Hiyo ndiyo Kiswahili ya kweli! » Mtoto yule akamaliza matangazo kwa sauti ya chini. Tangu siku ile, kila akiombwa kusoma anasema koo linamuuma.

Tusifiche: sisi tunaoandika ukurasa huu tulicheka pia. Jioni ile mwalimu mmoja akatuuliza swali moja tu: « Ninyi wenye Kiswahili cha kweli, neno kitabu lenyewe ni la nani? » Tukatazamana. Hakuna aliyejibu. Basi tukaingia biblioteke, tukafungua makamusi, tukauliza walimu. Haya ndiyo tuliyookota.

1. KITABU NA NDUGU ZAKE

Neno kitabu limetoka kwa Waarabu, wao husema kitab. Katika lugha yao, herufi tatu k-t-b zinabeba habari ya kuandika. Ndiyo maana katibu, yule anayeandika mambo ya mkutano, ni ndugu wa kitabu. Na maktaba, nyumba ya vitabu, ni dada yao.

Lakini tazameni jambo la kuchekesha. Waarabu wakitaka kusema vitabu vingi husema kutub. Babu zetu wa pwani waliposikia kitab, walidhani ki- ya mwanzo ni sawa na ki- ya kiti na kisu. Basi wakasema kitabu kimoja, vitabu viwili, kama kiti na viti. Mwarabu angeshangaa. Neno lilikuja kama mgeni, tukalivalisha nguo zetu, na leo ni mtoto wa nyumba.

2. KALAMU, KARATASI NA MAFUNJO

Kalamu pia imetoka kwa Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki. Kwa Wagiriki, kalamos ni tete, yaani unyasi wa kando ya maji. Zamani walikata tete, wakalichonga ncha, wakalichovya katika wino.

Na ile kalamu tunayoiita biki? Hilo ni jina la mtu! Marcel Bich alianza kuuza biki zake Ufaransa mwaka 1950. Akaondoa herufi ya mwisho ya jina lake, ikabaki Bic. Lakini kalamu ya namna hiyo ilikuwa imevumbuliwa mbele yake na László Bíró, mtu wa Hungaria, katika miaka ya 1930. Angalieni ncha ya biki yenu: kuko kidonge kidogo cha madini kinachozunguka. Upande wa ndani kinashika wino, upande wa nje kinauacha kwenye karatasi. Wino wake ni mzito, ndiyo maana haumwagiki ovyo.

Karatasi nayo ni msafiri. Wagiriki walisema khartes, Waarabu wakasema qirtas, sisi karatasi. Lakini neno lile lile la Wagiriki lilipitia pia Roma, likafika Ufaransa, likawa carte. Kwa hiyo ile carte ya Afrika iliyotundikwa ukutani na karatasi unayoshika sasa ni mapacha waliolelewa katika nyumba mbili.

Neno papier je? Hilo limetoka katika papyrus, ambayo kwa Kiswahili ni mafunjo. Ni yale yale yanayoota katika mabwawa ya nchi yetu! Watu wa Misri walipasua shina la mafunjo, wakapanga vipande vyembamba kama kusuka mkeka, wakavigandamiza na kuvikausha, wakapata mahali pa kuandika. Wagiriki waliita mafunjo byblos, sawa na jina la mji wa Byblos, bandari ya nchi ya Lebanoni yaliyopitia mafunjo yale. Kutoka hapo walipata neno biblia, maana yake « vitabu ». Basi tukisema Biblia tunasema vitabu vingi, na ni kweli, kwani ndani yake kuko vitabu 66 katika Biblia ya makanisa yetu.

3. SHULE NI MAHALI PA KUPUMZIKA?

Hapa kwetu tunasema « naenda ku masomo ». Wengine wanasema shule. Neno shule limetoka kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi mpaka wakati wa vita kuu ya kwanza. Wao husema Schule. Lakini Wajerumani walilipata kwa Waroma, schola, na Waroma kwa Wagiriki, skhole. Neno la Kifaransa école limetoka kisima kile kile: zamani Wafaransa walisema escole, halafu wakaangusha s.

Na skhole kwa Wagiriki ilikuwa na maana gani? Mapumziko! Ni nafasi ya mtu asiyebanwa na kazi ya mikono, anayeweza kukaa, kufikiri na kuzungumza na wenzake. Tafadhali, msimpelekee Bwana Prefe habari hii mkiomba kulala darasani. Maana yake ni nyingine. Kuko mtu anayelima shamba ili wewe ukae kwenye meza na kitabu. Mapumziko yako ni jasho lake.

4. GEREZA LILIKUWA KANISA

Tulipofika hapa tulishangaa zaidi. Vasco da Gama na Wareno wake walifika Malindi mwaka 1498, na watu wao walikaa pwani karibu miaka mia mbili. Waliacha maneno kama meza, ambayo kwao ni mesa. Waliacha pia igreja, maana yake kanisa. Leo neno hilo ni gereza!

Namna gani kanisa likawa kifungo? Mwishoni mwa karne ya 17 Waarabu wa Omani waliwafukuza Wareno. Huko Unguja walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ngome hiyo ikafunga watu. Nyumba ilibadilika kazi, jina likabaki mahali pake. Na tukumbuke kwamba igreja ya Wareno na église ya Wafaransa ni neno moja la Kigiriki, ekklesia, yaani mkutano wa watu walioitwa. Neno letu kanisa limepitia njia nyingine, kwa Waarabu.

5. MAJINA YANAYODANGANYA

Mwaka 1492 Christophe Colomb alivuka bahari akitafuta njia ya Uhindi. Alifika Amerika, lakini alidhani amefika Uhindi. Kosa lake liliingia katika lugha nyingi. Wafaransa walipomwona ndege mpya kutoka kule walimwita kuku wa Uhindi, poule d'Inde. Leo ni dinde.

Na sisi tusicheke. Nafaka tunayosaga kila siku tunaiita mahindi, kana kwamba ni ya Wahindi. Sivyo! Mahindi yalianza kulimwa Meksiko, yapata miaka 9 000 iliyopita. Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta katika karne ya 16. Nanasi limetoka kule na jina lake, kwa lugha ya wenyeji wa Brazili. Kwa hiyo ugali na sombe, vile vyakula tunavyoita « vya kwetu kabisa », ni wageni sawa na kitabu. Lakini nani leo atamwambia mama kwamba sombe yake si ya hapa?

6. SAA SITA NA SIESTE

Wenzetu wengi wanachanganyikiwa: saa inaonyesha 7, sisi tunasema saa moja. Sababu ni jua. Waswahili wanaanza kuhesabu jua linapotoka, na nchi zilizo karibu na mstari wa ikweta, kama Butembo, jua hutoka na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mchana ni masaa 12, usiku masaa 12. Kule Bruxelles haiwezekani. Dunia imeinama kidogo inapozunguka jua, kwa hiyo mchana wao wa Desemba ni karibu masaa 8, na wa Juni unapita masaa 16. Ukihesabu kutoka jua kutoka, saa moja yao ingehama kila juma.

Lakini Waroma na Wayahudi wa zamani walihesabu kama sisi. Injili inaposema kwamba giza lilikuwa juu ya nchi tangu saa sita mpaka saa tisa, Mswahili anaelewa mara moja kwamba ni katikati ya mchana. Anayesoma kwa Kifaransa « sixième heure » inabidi aelezwe. Na ile sieste ya baada ya chakula? Ni neno la Kihispania siesta, kutoka Kilatini sexta, yaani saa ya sita! Sieste maana yake ni saa sita tu.

7. LETA NA ALGÈBRE

Babu zetu waliposikia Wabelgiji wakisema l'État, hawakujua kwamba l' si sehemu ya neno. Wakasema leta, na mpaka leo tunasema kazi ya leta. Wengine wanaona haya na neno hili. Basi wawaonee haya Wafaransa pia! Wao walisikia Waarabu wakisema al-jabr, wakachukua na al yake, wakasema algèbre. Kisha wakaongeza la mbele: l'algèbre. Hata jina la nchi yetu kati ya mwaka 1971 na 1997, Zaïre, lilitoka kwa Wareno waliosikia vibaya neno la Kikongo nzadi, yaani mto mkubwa. Kila taifa linasikia kwa masikio yake.

LAKINI ANGALISHO

Msianze sasa kusema kila neno linalofanana na jingine ni ndugu yake. Feu ya Kifaransa na Feuer ya Kijerumani yote ni moto, lakini hayana undugu hata kidogo. Mama na baba yanafanana katika lugha nyingi kwa sababu mtoto mchanga hufungua midomo akisema ma-ma, ba-ba, si kwa sababu moja imekopa kwa nyingine. Kufanana si ushahidi. Lazima kufuata njia ya neno, mji kwa mji.

NA BITABU JE?

Sasa turudi kwa mdogo wetu. Wenye elimu ya lugha wamelinganisha lugha za Kibantu, kama vile watu wa ukoo wanavyolinganisha sura. Mashi husema ebitabu, Kinande ebitabu, Kinyarwanda ibitabo. Kilingala husema biloko, Kiluba bintu. Kutokana na hayo wameona kwamba katika lugha ya mababu wa Wabantu wote, alama ya vitu vingi ilikuwa bi-. Watu wa pwani ndio waliogeuza bi- ikawa vi-. Ni sawa na batu. Pwani husema watu, lakini Mjerumani Wilhelm Bleek alipotafuta jina la lugha zetu zote alichagua Bantu, akaliandika katika kitabu chake cha mwaka 1862. Hakuandika Wantu!

Kwa hiyo mtoto yule aliposema bitabu, alichukua neno la Waarabu, akalipa kichwa cha zamani kuliko kile cha pwani. Hakuwa na ulimi mzito. Alisema kama bibi yake, na bibi yake kama bibi zake.

Hatusemi kwamba tuache Kiswahili cha kuandika. Katika barua, katika matangazo na katika bulletin hii tutaendelea kuandika vitabu na watu, ili msomaji wa Bunia, wa Kalemie na wa Dar es Salaam asome bila shida. Mtu ana nguo ya shamba na nguo ya siku ya Mungu, na zote ni zake. Lakini kumfundisha mwenzako neno ni jambo moja, kumcheka mpaka akose sauti ni jambo jingine. Na sisi tuliofanya hivyo hatukujua hata historia ya neno tulilokuwa tunasahihisha.

Jana tulimwendea, tukamwomba msamaha. Akasema koo limepona kidogo. Juma lijalo matangazo ni zamu yake tena. Tutakuwa wote pale, na tutasikiliza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katibu na kitabu wana undugu gani?
2. Ni neno gani la Kifaransa ni pacha wa karatasi?
3. Kwa nini saa moja yetu haiwezi kutumika vizuri Bruxelles?
4. Mahindi na dinde wamefanana katika kosa gani?
5. Kati ya bi- na vi-, ipi ni mkubwa kwa umri?

Majibu yote yako katika makala hii. Asiyeyaona asome tena.