Kanada na Taiwan: Zaidi ya nusu karne bila ubalozi, miswada miwili bila sheria

TORONTO, KANADA

Mtanzania au Mkenya anayeishi hapa Toronto akihitaji viza ya kwenda Taiwan, haendi ubalozini. Anakwenda katika Ofisi ya Uchumi na Utamaduni ya Taipei. Ukisikia jina utadhani ni ofisi ya wafanyabiashara, lakini kazi zake ni zilezile za ubalozi: viza, pasipoti, kuthibitisha hati na kuwasaidia raia walio mbali na kwao. Kinachokosekana ni neno "ubalozi".

Chanzo chake ni uamuzi wa Oktoba 13, 1970. Siku hiyo serikali ya Pierre Trudeau iliitambua Beijing kuwa ndiyo serikali halali ya China, na uhusiano wa kibalozi na Taipei ukakatika. Kuhusu madai ya Beijing kwamba Taiwan ni sehemu ya ardhi yake, Kanada haikuyakubali wala haikuyakataa. Ilisema tu kwamba imeyazingatia.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 25, 1971, Umoja wa Mataifa nao uliipa Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kampeni hiyo, na balozi wake, Salim Ahmed Salim, alikuwa miongoni mwa walioshangilia ukumbini.

Uamuzi wa Kanada ulianza kuuma mapema. Katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, serikali ya Trudeau iliwakatalia wanamichezo wa Taiwan kushindana kwa jina la Jamhuri ya China, nao wakajitoa. Wasomaji wetu wanaikumbuka Olimpiki hiyo kwa sababu nyingine: nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, ziliisusia kupinga New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi.

Hata hivyo, biashara haisubiri bendera. Mwaka 1986 ofisi ya biashara ya Kanada ilifunguliwa Taipei. Mwaka 2010 raia wa Taiwan waliondolewa sharti la viza kwa ziara fupi nchini Kanada. Mwaka 2016 pande mbili hizo zilitiliana saini mpango wa kuzuia mtu kutozwa kodi mara mbili, na Desemba 2023 mpango wa kulinda wawekezaji. Yote hayo yamefanyika bila kutambuana.

Sasa, ndugu msomaji, unaweza kuuliza: kama mambo yanakwenda, sheria ya nini?

Marekani ilipohamishia ubalozi wake Beijing mwaka 1979, Bunge lake lilipitisha mwaka huohuo sheria ya uhusiano na Taiwan. Tangu hapo kila rais, apende asipende, amefungwa na maandishi hayo. Kanada haina kitu kama hicho. Mwaka 2005 mbunge wa chama cha Conservative, Jim Abbott, aliwasilisha muswada namba C-357 wa kuweka msingi bora wa uhusiano wa kiuchumi, kibiashara na kiutamaduni na watu wa Taiwan. Haukuwa sheria. Mwaka 2023 Michael Cooper, wa chama hichohicho, alileta mwingine, C-343, wenye lengo linalofanana. Nao haukuwa sheria. Yote miwili ilikuwa miswada binafsi, na muswada wa namna hiyo usiokuwa na mkono wa serikali mara chache hufika mbali.

Wanaounga mkono wana hoja ambayo mkazi wa Toronto anaielewa haraka. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS uliua watu 44 nchini Kanada, karibu wote katika eneo la jiji hili. Taiwan nayo ilipigwa vibaya mwaka huohuo, lakini si mwanachama wa Shirika la Afya Duniani. Iliruhusiwa kuhudhuria mkutano mkuu wa shirika hilo kama mtazamaji kuanzia 2009 hadi 2016, kisha mlango ukafungwa. Virusi havina habari na nani anamtambua nani. Kwa hiyo, wanasema, msimamo wa Kanada kuhusu jambo kama hilo usitegemee hisani ya waziri aliyepo.

Wanaopinga nao hawakosi la kusema. Desemba 2018 Kanada ilimkamata Vancouver mkurugenzi wa fedha wa kampuni ya Huawei, Meng Wanzhou, kwa ombi la Marekani. Siku chache baadaye Wakanada wawili, Michael Kovrig na Michael Spavor, walikamatwa China, wakakaa kizuizini hadi Septemba 2021. Kisa hicho hakikuhusu Taiwan, lakini kilionyesha jinsi hasira ya Beijing inavyoweza kumwangukia mtu mmoja mmoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuonja bei ya namna hii. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Muungano ulipokuja, Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni yake: atakayemtambua ndugu yangu wa mashariki si rafiki yangu. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati, na mwaka 1965 akairuhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam bila kuitambua kama dola. Ujerumani Magharibi ilikasirika ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akajibu kwamba basi wachukue na misaada mingine iliyobaki.

Kuna funzo hapo kwa Ottawa. Uhusiano na serikali usiyoitambua unawezekana, na Kanada inao tayari. Kinachogombewa ni nani anapanga ukubwa wake: waziri, kimyakimya, ambaye anaweza kuubana kesho akitishwa, au Bunge, kwa maandishi ambayo kila mtu anaweza kuyasoma. Njia ya pili ina gharama, na atakayeilipa ni mkulima anayeuza mazao yake China, au msafiri aliyeko Beijing siku mambo yanapoharibika. Muswada wa tatu ukija, wabunge wawaambie wananchi hao ukweli kabla ya kupiga kura.