Ng'ombe Wamepotelea Wapi? Kusoma Matini ya Kiswahili kwa Kompyuta

Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alikusanya hadithi za watoto akaziingiza katika programu ya kuhesabu maneno. Hadithi zilijaa mifugo, lakini katika orodha hakuwapo ng'ombe hata mmoja. Kulikuwa na "ng" na "ombe", kila moja peke yake, na kwingine "ngâ€™ombe". Kwa kuwa makosa ya aina hii huweza kuharibu tasnifu bila mwandishi kujua, tumeona tuyaeleze hapa.

Kompyuta huhifadhi namba, si herufi, na yapo majedwali mengi ya kuzifasiri namba hizo. Kiswahili kina bahati: herufi zake zote zimo katika jedwali kongwe la ASCII, ambalo Windows-1252 na UTF-8 zimelifuata. Ndiyo maana hatushtuki mapema. Ukurasa mzima husomeka vizuri isipokuwa ritifaa. Programu kama Word huigeuza kimyakimya ritifaa iliyonyooka (namba 39) kuwa iliyopinda. Katika Windows-1252 hiyo ni baiti moja, 146; katika UTF-8 ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Faili la UTF-8 likisomwa kwa Windows-1252, baiti hizo tatu hutokea kama â, € na ™.

Kosa hilo linatibika: fungua faili upya kwa jedwali sahihi. Lisilotibika ni kosa la kuhifadhi. Wenzetu wanaolinganisha Kiswahili na Luganda wanaijua herufi ŋ ya neno eŋŋoma. Windows-1252 haina herufi hiyo. Ukihifadhi kwa jedwali hilo na kupuuza onyo, kwa kawaida utabaki na "e??oma", na hakuna programu itakayojua alama zile za kuulizia zilikuwa nini. Tunasisitiza: hifadhi kwa UTF-8, na nakala ya awali isiguswe.

Mwisho wa mstari nao una vituko vyake. Windows huweka namba mbili, 13 na 10. Linux na Mac za leo huweka 10 tu. Mac za kabla ya OS X ya mwaka 2001 ziliweka 13 tu. Hadi mwaka 2018 Notepad haikuitambua 10 iliyo peke yake, hivyo shairi la beti kumi lilitokea kama mstari mmoja mrefu. Hilo walau huonekana. Baya zaidi ni programu inayokata mistari penye 10 na kuiacha 13 ikining'inia bila kuonekana. Anayechunguza vina akitaka herufi mbili za mwisho za mshororo unaoishia "moyo", hupata "o" na ile 13, si "yo". Mishororo ikitoka katika mafaili ya mifumo tofauti, programu itasema vina havilingani, na mtafiti atamlaumu malenga bure.

Wanaotumia Python wataje utf-8-sig wanapofungua faili la UTF-8. Huondoa pia baiti tatu za utambulisho (239, 187, 191) ambazo mara nyingine hung'ang'ania neno la kwanza. Miisho ya mistari Python yenyewe huilinganisha. Kisha nyoosheni ritifaa zote, na muiambie programu kwamba ritifaa iliyo katikati ya herufi ni sehemu ya neno. Kabla ya kuhesabu chochote, tafuteni kwanza ng'ombe, ng'oa na ng'ambo.