Nguvu ya Soda au Uhaba wa Mechi? Kipaji cha Tenisi Kinapoyumba

Mchezaji wa tenisi mwenye kipaji anayeyumba ni yule ambaye Jumamosi anamtoa mpinzani aliyemzidi miaka minne, na Jumapili asubuhi, kwenye uwanja uleule, anafungwa na mtu ambaye hakuna aliyemhesabu. Mkono ni uleule, raketi ni ileile. Kilichobadilika ni mipira inayogonga wavu, sevu ya pili inayotua nje ya mstari, na macho yanayoanza kutafuta mchawi kwenye jua, kwenye upepo na kwa mwamuzi. Dar es Salaam ina hukumu ya haraka kwa kijana wa namna hiyo: nguvu ya soda. Chupa ikifunguliwa povu linapanda, muda si mrefu yamebaki maji matamu. Msemo huo unawafaa watu wengi, lakini kwa mchezaji wa tenisi wa miaka 16 au 17 mara nyingi unakosea, kwa sababu unaiita tabia hali ambayo mzizi wake mkubwa uko kwenye mazingira anamochezea.

Hesabu ya mchezo wenyewe ndiyo mahali pa kuanzia. Tenisi haina saa ya kuulinda ushindi wala bao la mapema la kuegemea. Kila pointi inaanza upya. Juni 2024, akizungumza na wahitimu wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, Roger Federer alieleza kwamba katika mechi 1,526 alizocheza peke yake alishinda karibu asilimia 80, ilhali pointi alizoshinda zilikuwa asilimia 54 tu. Huyo ni mmoja wa wachezaji bora wa historia, na karibu nusu ya pointi zake alizipoteza. Kijana anayeshinda pointi 53 kati ya 100 leo na 47 kesho ameshuka kwa pointi sita, sawa na mipira michache iliyopita mstari kwa upana wa kidole. Lakini karatasi ya matokeo haionyeshi kidole. Inaonyesha bingwa wa jana na mshindwa wa leo, na watu wanaanza kuuliza kijana ameharibikia wapi.

Kipaji chenyewe nacho huongeza kuyumba. Mchezaji wa kawaida ana mipigo miwili anayoiamini, basi kila mpira unaokuja anajua la kuufanya. Mwenye kipaji ana sita: anaweza kuupiga kwa nguvu, kuuzungusha, kuukata, kuudondosha nyuma tu ya wavu, kuupandisha juu ya kichwa cha mpinzani au kuukimbilia mbele. Kuchagua kati ya hiyo sita kwa chini ya sekunde moja ni ujuzi unaochelewa kukomaa kuliko mpigo wowote. Federer alitwaa taji la wavulana la Wimbledon mwaka 1998 na akajulikana ujanani kwa hasira na kuvunja raketi. Taji lake la kwanza la wakubwa kwenye nyasi hizohizo lilikuja 2003. Miaka mitano hiyo mkono wake haukuongezewa uchawi wowote mpya. Alikuwa anajifunza kuchagua.

Mtoto wa Kunduchi mwenye mkono kama huo anakutana na mambo mengine kabla hata hajafika kwenye kuchagua. Kata hiyo ya Wilaya ya Kinondoni iko kando ya bahari, kati ya soko la samaki na hoteli za ufukweni, na jijini viwanja vya tenisi ni mali ya klabu, hoteli na baadhi ya shule kuliko mali ya mtaa. Mpira wa miguu unahitaji uwazi na mawe mawili ya goli. Tenisi inahitaji sakafu ngumu iliyosawazishwa, yenye urefu wa mita 23.77, wavu, raketi yenye nyuzi zilizokazwa, na mtu wa upande wa pili anayejua kurudisha mpira. Ndiyo maana vijana wengi wa uswahilini wameingia kwenye mchezo huu kupitia mlango wa kuokota mipira: wanawaokotea wanachama jioni, wanashika raketi ya kuazima uwanja unapokuwa wazi, na wenye macho makali wanaiga sevu ya mgeni kabla hawajafundishwa na mtu. Mipigo inayopatikana kwa njia hiyo huwa mizuri ajabu kuitazama. Kinachokosekana ni msingi wa miguu, yaani hatua ndogondogo za kujipanga kabla ya kupiga, ambao hauigwi kwa kutazama kwa sababu macho ya mtazamaji hufuata mpira.

Kisha kuna suala la mipira, na hapa wengi hawaangalii. Kanuni za kimataifa zinataka mpira uliodondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu udunde kati ya sentimita 135 na 147. Mpira mpya una shinikizo la hewa ndani, na huanza kulipoteza mara kopo linapofunguliwa. Kwenye mashindano makubwa mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za mwanzo, halafu kila baada ya gemu tisa. Kijana anayefanya mazoezi na mipira iliyokwisha kutupwa na wanachama anajifunza kwa wiki nyingi kupiga kitu kizito kisichodunda. Anaongeza nguvu ya bega ili kiende. Siku ya mashindano anapewa mpira mpya, anaupiga kwa nguvu ileile, na unatua mita moja nje. Gemu tatu za mwanzo zinapotea kabla mkono haujazoea. Anayetazama jukwaani anaona kijana asiyetulia. Kumbe mkono umefanya kilekile ulichofundishwa.

Jiografia ya Afrika Mashariki inazidisha tatizo hilo. Kunduchi iko usawa wa bahari, hewa ni nzito na yenye unyevu, na kusi ikivuma mpira unaweza kurudishwa nyuma kama tiara. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Kigali imepita mita 1,500. Huko hewa ni nyepesi, mpira unapaa na kukimbia zaidi, kiasi kwamba kanuni za kimataifa zinaruhusu aina tofauti ya mpira kwenye miji iliyo juu ya mita 1,219. Baadhi ya mashindano ya vijana ya ukanda huu huchezwa kwenye miji hiyo ya juu. Mtoto wa pwani anashuka kwenye basi baada ya safari ndefu, anapata siku moja ya kuzoea ikiwa ana bahati, na mipigo iliyomfanya mfalme nyumbani inatoka nje yote. Wa Nairobi akija Dar anapata adhabu ya upande wa pili: mpira wake hauendi, jasho linalowanisha mshiko wa raketi linamshinda, na seti ya tatu miguu imekwisha. Wote wawili wataitwa wanaoyumba.

Sababu kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni uchache wa mechi. Uthabiti katika tenisi ni kumbukumbu ya mwili: kujua la kufanya ukiwa 30–40 kwa sababu umeshawahi kuwa hapo mara mia mbili. Kijana anayecheza na wapinzani walewale watatu mwaka mzima anawajua kwa ubavu wanaopendelea na kwa mahali wanapopeleka sevu wakiogopa. Anawafunga kwa mazoea. Akikutana na mgeni anayetumia mkono wa kushoto, au anayerudisha kila mpira bila haraka, hana mahali pa kukumbuka. Kutoka Kunduchi hadi viwanja vya klabu ya Gymkhana katikati ya jiji ni karibu kilomita 20 kupitia Barabara ya Bagamoyo, na foleni ya jioni inaweza kula saa nzima au mbili za mwanafunzi ambaye kesho ana mtihani. Kila mechi anayoikosa kwa sababu ya daladala ni pointi ngumu ambayo hajawahi kuicheza.

Mfano bora wa ukanda huu uko kwenye fainali moja. Julai 2022, kwenye fainali ya wasichana wawili wawili ya Wimbledon, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwafunga Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa 3–6, 6–4 na 11–9 katika taibreki ya mwisho. Okutoyi alikuwa na miaka 18 na akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana. Mboko, binti wa wazazi waliohama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikuwa na miaka 15. Pointi mbili zilimtenganisha binti wa Nairobi na binti wa wazazi wa Kongo, na siku hiyo aliyekuwa mbele alikuwa wa Nairobi.

Okutoyi alilelewa na bibi yake pamoja na pacha wake baada ya mama yao kufariki, na alianza kushika raketi akiwa mdogo sana kwenye viwanja vya shule ambako bibi huyo alifanya kazi. Ubingwa wa Afrika wa vijana mwaka 2021 nchini Tunisia ulimpeleka Australian Open ya vijana Januari 2022, na huko akashinda mechi mbili. Baada ya Wimbledon alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, njia ya busara kwa mchezaji asiye na mfadhili, kwani chuo kinalipa kocha, safari na daktari. Machi 2024 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra, dhahabu iliyomfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris kwa sharti moja: awe ndani ya nafasi 400 bora duniani ifikapo Juni. Hakuwa ndani, na Paris hakwenda. Alikuwa bingwa wa bara, lakini nafasi za dunia hupatikana kwa pointi za wiki 52 zilizopita, na pointi hupatikana kwa kusafiri. Ngazi ya chini ya wanawake hugawa jumla ya dola 15,000 kwa wachezaji wote wa mashindano, wakati mwaka 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza tu Wimbledon alipata pauni 66,000. Mwenye njaa ndiye anayelipia tiketi ya ndege.

Mboko naye aliyumba. Jeraha la goti lilimkatisha, na alianza mwaka 2025 akiwa nje ya nafasi 300 bora. Kisha akashinda mechi 22 mfululizo kwenye mashindano ya ngazi za chini, mengi yakiwa ya wiki kwa wiki, chini ya chama cha tenisi chenye uwezo wa kumweka safarini na kocha wa kiwango cha Nathalie Tauziat, aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka 1998. Agosti mwaka huohuo alitwaa taji la Montreal akiwa na miaka 18, akiwatoa njiani mabingwa wanne wa zamani wa Grand Slam, wakiwemo Coco Gauff na, kwenye fainali, Naomi Osaka. Wiki chache baadaye alitolewa raundi ya kwanza ya US Open. Novemba akashinda Hong Kong. Hivyo kuyumba kwake hakukuisha. Alicheza mara nyingi kiasi kwamba wiki mbaya ilifuatwa na mashindano mengine kabla haijageuka jina lake.

Kwa hiyo swali la kama kijana fulani wa Kunduchi atafika linajibiwa vibaya sana kwa kutazama fohendi yake. Kocha makini hutazama namna anavyofungwa. Anayepoteza kwa sevu ya pili inayoanguka kila pointi ikiwa nzito ana tatizo la ufundi, na ufundi unarekebishika kwa vikapu vya mipira na uvumilivu. Anayepoteza gemu za mwanzo tu kisha akakaa sawa anahitaji mipira mipya ya mazoezi na siku mbili za kuzoea mji. Anayeshinda seti ya kwanza na kufifia ya tatu anahitaji chakula na mbio, na pengine vipimo vya damu, maana malaria na upungufu wa damu haviandikwi kwenye karatasi ya matokeo. Wa kuhofiwa ni mmoja: yule anayefungwa kwa namna ileile mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, huku mechi, kocha na vifaa vikiwepo. Huyo ndiye anayeweza kuitwa nguvu ya soda, na wa aina hiyo ni wachache kuliko wanaoitwa hivyo.

Muda nao huhesabiwa vibaya. Paul Wekesa wa Kenya, mchezaji wa kiume aliyefika mbali zaidi kutoka nchi hiyo, aligusa nafasi ya 100 duniani mwaka 1995 akiwa na miaka 27. Ons Jabeur wa Tunisia alitwaa taji la wasichana la Roland Garros mwaka 2011 akiwa na miaka 16, kisha akapita muongo mzima wa kupanda na kushuka kabla ya taji lake la kwanza la ziara ya wanawake mjini Birmingham Juni 2021. Mwaka uliofuata alicheza fainali ya wakubwa Wimbledon, mashindano yaleyale ambayo kwayo Okutoyi aliondoka na kombe la wasichana wawili wawili.