Kupima chini ya maji: kazi ya metre, borni na kreyo

Mutu mwenye alishapimisha parseli hapa Goma anajua: bila borni, metre haisaidie kitu. Chini ya maji ni vilevile. Wachunguzi wa vitu vya zamani wanapima masalio ya mashua na metre ya kawaida, ile ya plastiki yenye haishike kutu.

Wazamiaji wanaweka kwanza borni kuzunguka mahali, na kupima umbali kati yazo. Kisha, kwa kila kitu, ikuwe chungu, ubao ao nanga, wanavuta metre toka kwa borni. Vipimo viwili vinaacha mashaka. Cha tatu kinakata mabishano, na cha ine kinaonyesha kama kuna mwenye alisoma namba vibaya. Wanaandika na kreyo juu ya kibao cha plastiki, na kule juu inchi kavu wanachora ramani.

Juu ya nini wasikadirie na macho? Sababu ndani ya maji vitu vinaonekana vikubwa na karibu kuliko vile viko. Metre nayo inaweza kudanganya: mkondo ukiipinda, namba inaongezeka. Ndiyo maana inavutwa sawasawa, na kurudiliwa.

Mfano uko Mombasa, Kenya. Mashua ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome ya Fort Jesus katika mwaka 1697, wakati Waomani walikuwa wameizingira. Wachunguzi waliichimbua toka 1977 mpaka 1980. Vyombo vingi vilipandishwa, lakini mwili wa mashua ulibakia chini. Kwa hiyo vipimo na michoro ndiyo njia ya kuiona leo.

Hata sisi tuko na masalio. Tarehe 9 Februari 1916, Waingereza na Wabelgiji wenye walitoka upande wa Kalemie walizamisha mashua ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, katika ziwa Tanganyika. Sasa inapita miaka 100. Kina kirefu hakifikiwe na mzamiaji wa metre. Hii njia ni ya maji mafupi.

Lakini somo ni la kila muvuvi. Nyavu ikikamata kitu cha zamani, usikivute kwa nguvu wala kukiuza. Angalia ni wapi, tia alama, julisha wakubwa wa mahali. Chungu chenye kimetolewa bila kupimwa kinabakia chungu tu. Hakuna tena mwenye ataweza kusema kilitoka katika mashua gani.